Teresia na dada yake aliyerudi nyumbani mara tatu



Nikimwambia mtu yeyote parokiani kwamba nina ndugu anayenikosesha usingizi, jibu ni lilelile: mwombe Mtakatifu Monika. Na mimi nampenda Monika, nisieleweke vibaya. Lakini kuna jambo moja kwake ambalo limekuwa likinisumbua. Monika alilia, akafunga, akamfuata mwanaye Augustino mpaka Milano, na mwisho aliona. Augustino alibatizwa Pasaka ya mwaka 387, na mama akafariki mwaka huohuo, akiwa ameshaona kwa macho yake kile alichokuwa akikiomba. Sasa je, wewe ambaye hujaona? Wewe ambaye huu ni mwaka wa tano na mambo ni yaleyale? Tena Monika alikuwa mama. Ndugu ni kitu kingine. Mama ana sauti ya mama. Mimi ni mdogo wake tu, na nikimwambia kaka yangu aache pombe ananitazama kama mtoto aliyevaa viatu vya baba yake.

Kwa hiyo leo niruhusuni niwasimulie maisha ya mtakatifu mwingine. Mnamfahamu, picha yake na mawaridi ipo kwenye makanisa mengi, na tarehe 1 Oktoba tunamkumbuka. Ni Teresia wa Mtoto Yesu, yaani Thérèse Martin wa Lisieux. Ila nitapita kwenye mlango ambao wengi hawaupiti, mlango wa dada yake aliyeitwa Léonie.

Baba yao, Louis Martin, alikuwa fundi saa. Mama, Zélie Guérin, alikuwa na biashara ya lesi za mkono katika mji wa Alençon, Ufaransa. Walifunga ndoa mwaka 1858 wakapata watoto tisa. Wanne walifariki wangali wadogo. Wakabaki wasichana watano: Marie, Pauline, Léonie, Céline, na kitinda mimba Teresia, aliyezaliwa tarehe 2 Januari 1873. Unaona Léonie alipokaa? Katikati kabisa. Juu yake dada wawili wenye akili darasani, chini yake wadogo wawili wachangamfu ambao kila mgeni aliwapenda.

Léonie alizaliwa Juni 1863 na tangu mwanzo mwili wake ulikuwa wa taabu. Kifaduro, surua, degedege, halafu ugonjwa wa ngozi ambao ulimwandama miaka yote. Baba alikwenda hija kwa miguu hadi Sées kumwombea uhai. Uhai akapewa, lakini mambo mengine hayakuwa mepesi. Alikuwa mzito kujifunza, mkaidi, mwenye hasira za ghafla. Dada zake wawili wakubwa walisoma vizuri katika shule ya bweni ya masista wa Visitasio huko Le Mans, ambako shangazi... hapana, mama yao mdogo au mkubwa, kwa kifupi dada yake Zélie, alikuwa sista. Léonie naye akapelekwa huko. Akarudishwa. Akapelekwa tena, akarudishwa tena. Hata kuwa na ndugu wa mama ndani ya monasteri hakukusaidia.

Barua za Zélie zimebaki, na ukizisoma unakutana na mama anayempenda mtoto asiyemwelewa. Aliandika wazi kwamba tabia ya Léonie ilimshinda kuichambua, kwamba alijaribu upole na alijaribu ukali, na kwamba alikuwa akijiuliza huyu mtoto atakuwaje siku yeye mama hayupo. Na siku hiyo ilikuwa inakuja, maana alikuwa na saratani ya titi.

Sasa sikilizeni hili, kwa sababu ndilo lililonifanya nianze kuandika.

Mwanzoni mwa mwaka 1877 yule sista wa Le Mans alikuwa mahututi. Zélie akamwomba akifika mbinguni amwombee Léonie. Sista akafariki mwezi Februari. Wiki chache baadaye Marie, binti mkubwa, akagundua jambo ambalo lilikuwa likifanyika ndani ya nyumba ileile, chini ya paa lilelile. Mtumishi wa nyumbani, mwanamke aliyeaminika na aliyekaa nao miaka mingi, alikuwa amemtawala Léonie kwa siri. Alimtisha, alimpiga, akamzoesha kumtii yeye peke yake na kumpinga mama. Ukaidi ule ambao familia nzima iliuita tabia ya Léonie, sehemu yake kubwa ilikuwa woga. Mama akapiga marufuku mtumishi kumgusa au kumwamuru mtoto. Ndani ya muda mfupi Léonie akaanza kumsogelea mama yake, akitaka kukaa naye kutwa nzima. Walikuwa na miezi michache tu. Zélie alikwenda Lourdes mwezi Juni na mabinti zake watatu wakubwa, hakupona, na tarehe 28 Agosti 1877 akafariki.

Fikiria ile familia. Wazazi wale leo ni watakatifu, wote wawili, walitangazwa pamoja mwaka 2015. Walikuwa watu wa Misa ya asubuhi kila siku. Na hawakuona. Niliposoma hapo nilifunga kitabu. Mimi kaka yangu nimemhukumu mara ngapi? Alianza chuo cha ufundi akaacha, akaanza tena akaacha, akaenda gereji, wakagombana na fundi wake, sasa yuko yuko tu na kinachoingia kinaishia kilabuni. Nina shahada ya falsafa. Likizo iliyopita nilimkalisha chini ya mwembe nikamweleza Aristoteli anasema nini kuhusu mazoea, kwamba mtu huwa mwema kwa kutenda mema mara kwa mara. Nadhani nilieleza vizuri, kuliko hata nilivyoeleza kwenye mtihani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama nimemaliza, akaondoka. Katika maelezo yangu yote hakukuwa na swali hata moja.

Turudi kwa Teresia. Mama alipofariki yeye alikuwa na miaka minne na nusu. Novemba ile baba akahamishia familia Lisieux, karibu na mjomba wao Isidore Guérin, mwenye duka la dawa.

Kuna kisa cha utotoni ambacho wahubiri wanakipenda sana. Siku moja Léonie, akiona amekuwa mkubwa kwa mambo ya midoli, alichukua kikapu kilichojaa nguo za mwanasesere na vitambaa vizuri vya kushonea nyingine, akamlaza mwanasesere wake juu, akawapelekea wadogo zake wachague wanachotaka. Céline akachukua kibunda cha utepe. Teresia akafikiri kidogo, kisha akanyoosha mkono akachukua kikapu chote. Baadaye, akiwa mtawa, Teresia aliona katika kitendo kile muhtasari wa maisha yake: hakutaka utakatifu wa nusunusu, alichagua vyote ambavyo Mungu angempa. Nimesikia mahubiri yasiyopungua matano juu ya kikapu kile. Hakuna hata moja lililouliza kilikuwa cha nani.

Na kingine. Mwaka 1882 Pauline, ambaye Teresia alimfanya mama yake wa pili, aliingia monasteri ya Wakarmeli pale Lisieux. Mtoto akaugua, ugonjwa wa ajabu wa kutetemeka na kuona mambo ya kutisha. Tarehe 13 Mei 1883, Jumapili ya Pentekoste, Marie alikuwa ametoka bustanini na Teresia akawa anamwita bila kukoma. Aliyebaki naye chumbani ni Léonie. Akamnyanyua mikononi, akambeba mpaka dirishani amwonyeshe Marie aliko. Haikusaidia, mtoto hakumtambua mtu. Ndipo dada watatu wakapiga magoti mbele ya sanamu ya Bikira Maria iliyokuwa karibu na kitanda, na Teresia akaona Mama Maria akimtabasamulia, akapona. Kila mtu anakumbuka tabasamu. Mimi nabaki na ile mikono ya Léonie, dada mwenye matatizo akimbeba mdogo wake kwenda kwenye mwanga.

Tufike mwaka 1886, mwaka ambao nyumba ile ilipinduka. Mapema Oktoba, familia ikiwa Alençon kuzuru kaburi la mama, Léonie aligonga mlango wa monasteri ya masista Waklara akaomba kuingia, papo hapo, bila kuaga. Dada zake walipokwenda kumwona aliwaambia wayatazame vizuri macho yake, kwa kuwa hawatayaona tena; masista wale hutembea wameinamisha macho. Tarehe 1 Desemba alikuwa amerudi nyumbani. Ngozi yake na afya yake havikustahimili ukali wa maisha yale. Macho wakayaona tena baada ya wiki nane hivi. Unaweza kucheka kidogo, nami nilicheka, lakini fikiria meza ya chakula siku ile ya kurudi.

Wakati huohuo Marie naye alikuwa ameingia Karmeli. Teresia, miaka 13, alikuwa akisumbuliwa na wasiwasi wa dhamiri, kila wazo dogo analiona dhambi, na mtu pekee aliyekuwa akimwambia hayo ameondoka. Alifanya nini? Aliwageukia ndugu zake wanne waliofariki wadogo. Aliwasemesha kwa urahisi wa kitoto, akawakumbusha kwamba yeye ndiye mdogo wa mwisho na kwamba wangekuwa hai wangemhurumia. Amani ikamjia. Naomba ulishike hilo la ndugu walioko mbinguni, litarudi.

Kiangazi cha 1887 Teresia akasikia habari za Henri Pranzini, mtu aliyehukumiwa kifo kwa mauaji mjini Paris na hakuonyesha majuto. Akaamua kumwombea, na akamwomba Mungu ishara, moja tu. Pranzini aliuawa tarehe 31 Agosti. Kesho yake Teresia akasoma gazetini kwamba dakika ya mwisho mtu yule aligeuka, akashika msalaba wa padre, akaubusu mara tatu. Teresia alimwita mtoto wake wa kwanza. Kwa mtu asiyemjua kabisa alijibiwa kwa gazeti, ndani ya wiki chache!

Kwa dada yake haikuwa hivyo. Julai mwaka uleule Léonie aliingia Visitasio ya Caen. Januari 1888 akarudi nyumbani, mara ya pili. Na tarehe 9 Aprili 1888 Teresia, miaka 15, akaingia Karmeli, akabaki huko. Haya, jiweke nafasi ya Léonie. Una miaka 24. Umejaribu mara mbili, umeshindwa mara mbili, jamaa wote wa mji wanajua. Halafu mdogo wako wa mwisho anakwenda mahali ulipotaka wewe kwenda na mlango unamfungukia. Ningekuwa mimi ningemchukia. Mimi niko seminarini na kaka yangu yuko nyumbani, na siku nilipovalishwa kanzu alikuja amechelewa, akasimama nyuma, akaondoka kabla ya chakula. Nilikasirika. Sikuwahi kufikiria alikuwa ameona nini pale mbele.

Léonie hakumchukia mdogo wake. Baba yao alipopatwa na ugonjwa wa akili na kulazwa hospitali huko Caen kuanzia Februari 1889, Léonie na Céline walikwenda kupanga karibu kwa miezi kadhaa ili wawe naye. Mzee alirudi nyumbani 1892 akiwa amepooza, akafariki Julai 1894. Wakati huo Léonie alikuwa Visitasio ya Caen kwa mara nyingine. Aliingia Juni 1893, na Aprili 1894 alivalishwa vazi la kitawa. Safari hii ilionekana kweli imewezekana. Céline akaingia Karmeli Septemba 1894. Wasichana wote watano utawani! Teresia akawa anamwandikia Léonie barua za kumtia moyo huko unovisi.

Tarehe 20 Julai 1895 Léonie akatoka. Mara ya tatu, ana miaka 32, tena safari hii hana hata nyumba ya baba ya kurudia. Akaenda kukaa kwa mjomba.

Nilitafuta Teresia alifanya nini baada ya hapo. Nilitaka mbinu, si unajua, hatua za kufuata. Sikukuta mbinu. Nilikuta barua, na dada anayekuja kuwaona ndugu zake kupitia nondo za chumba cha mazungumzo cha monasteri. Hakuna barua ya kumkaripia. Na kumbukeni Teresia mwenyewe alikuwa wapi. Usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu ya mwaka 1896 alitema damu kwa mara ya kwanza, kifua kikuu. Siku chache baadaye, majira ya Pasaka, imani yake ikaingia gizani. Mbingu, ambayo tangu utotoni ilikuwa kwake kama nyumba ya jirani, ikawa kama ukuta. Giza lile lilikaa naye hadi kifo.

Katika hali hiyo, Julai 1896, alimwandikia Léonie barua ambayo nimeisoma mara nyingi kuliko barua yoyote niliyoandikiwa mimi. Anamweleza mtoto mdogo aliyemuudhi mama yake kwa hasira au ukaidi. Akijificha kwenye kona amenuna, akiogopa fimbo, mambo yatakuwa magumu. Lakini akija amenyoosha mikono, anatabasamu, anaomba abusiwe na kuahidi hatarudia, mama gani ataacha kumkumbatia? Halafu Teresia anaongeza neno ambalo mhubiri mwingine angeliacha: mama anajua fika kwamba mtoto atarudia. Anajua, na anamkumbatia, na akirudia tena na kuja tena kwa njia ileile, atakumbatiwa tena. Hivyo ndivyo Yesu alivyo, alimwambia, mshike kwa moyo wake. Fikiria barua hiyo inamfikia mtu aliyetoka monasteri mara tatu.

Na Teresia alisali vipi? Hapa nadhani wengi mtapumua. Alikuwa akisinzia kwenye tafakari, miaka na miaka, na aliamini wazazi huwapenda watoto wao hata wakiwa wamelala. Vitabu vya sala ndefu zilizopambwa vilimchosha kichwa. Roho ilipokuwa kavu kiasi kwamba hakuna wazo hata moja jema linalokuja, alisema polepole sana Baba Yetu, kisha Salamu Maria, basi. Mimi nimejaribu hivyo kwa ajili ya kaka. Zamani nilikuwa nasali kwa kumweleza Mungu mpango wangu: kwanza aache pombe, halafu arudi chuo, halafu aoe. Kama vile naandika pendekezo la utafiti. Sasa usiku nasema jina lake, halafu Baba Yetu polepole. Kuna siku silali vizuri bado. Ila nimeacha kulala na mkutano kichwani.

Barua ya mwisho ya Teresia kwa Léonie ni ya tarehe 17 Julai 1897. Alikuwa mgonjwa sana. Alimwambia kuwa mtakatifu hakutakuwa kugumu kwake, kwa kuwa rohoni mwake dunia si kitu. Haya alimwandikia mwanamke anayeishi chumba cha kwa mjomba, ambaye hakuwa na kitu cha kuonyesha. Kwa dada yake Marie, Teresia alisema wazi kwamba baada ya kufa atamwingiza Léonie Visitasio, kwamba safari hii atabaki, na kwamba atachukua jina lake yeye na la Mtakatifu Fransisko wa Sales. Tarehe 30 Septemba 1897 akafariki, miaka 24. Léonie alikuwa bado nje.

Yaani hakuona. Ndicho kinachomtofautisha na Monika. Alikufa akiwa na dada ambaye, kwa hesabu za watu, alikuwa ameshindwa moja kwa moja, na akafa akiwa gizani kuhusu mbingu yenyewe ambayo aliahidi kuitumia kumsaidia. Mtu aliyekuwa amewahi kuwaomba ndugu zake wanne wa mbinguni, sasa alikwenda kuwa ndugu wa mbinguni wa mtu mwingine.

Mwaka 1898 maandiko ya maisha yake yakachapishwa, na Léonie akayasoma. Tarehe 28 Januari 1899 aligonga tena mlango wa Visitasio ya Caen, mara ya tatu pale, ya nne kwa jumla. Waliompokea walikuwa na kila sababu ya kusita. Wakampokea. Tarehe 2 Julai 1900 aliweka nadhiri, akiitwa Sista Françoise-Thérèse. Akakaa miaka 42.

Msitarajie miujiza mikubwa hapo katikati. Alifanya kazi ndogondogo za nyumba. Ugonjwa wa ngozi uliendelea. Alibaki mtu wa kujiona mdogo, mwoga wa kusema mbele ya watu. Alitoa ushahidi katika kesi ya utakatifu wa mdogo wake, na mwaka 1915 alitoka Caen kwenda Lisieux kwa ajili hiyo akawaona tena dada zake. Teresia alipotangazwa mtakatifu Mei 1925, dada wote wanne walikuwa hai, na hakuna aliyekwenda Roma. Walikuwa wamefungiwa na kanuni ya monasteri zao. Nampenda Léonie wa siku hiyo, mwanamke wa karibu miaka 62 aliyebaki Caen na kazi zake wakati Roma inamshangilia yule mtoto aliyembeba mikononi hadi dirishani. Alifariki Juni 1941, miaka 78. Mwaka 2015 Kanisa lilifungua mchakato wa kumtangaza naye kuwa Mwenye Heri. Watu wanaokwenda kaburini kwake pale Caen, wengi wao ni wazazi na ndugu wa watu wanaohangaika.

Jumamosi iliyopita nilimpigia kaka. Sikuwa na hotuba. Nilimuuliza yule fundi wa gereji alimfanya nini hasa, halafu nikanyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza kumuuliza. Alikaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekata, kisha akaanza kuongea, akaongea kama dakika kumi na moja. Mengine nitabaki nayo mwenyewe. Mwishoni aliniuliza kama huku tunakula vizuri.

Jana alikuwa amelewa tena, mama ameniambia. Leo simu yake haipatikani. Nitajaribu kesho baada ya Misa, na ninyi mkipata nafasi msemeeni Baba Yetu moja, polepole. Nami nitamsemea wa kwako, niandikie tu kwamba ni kaka au ni dada, jina sihitaji.